Nimeshapoa

Kiingereza kina kitenzi kimoja, subside, ambacho kimenisumbua muhula mzima. Kilikuwa ndani ya makala tuliyopewa kusoma kwenye somo la falsafa ya hisia, katikati ya sentensi ya kawaida tu kuhusu mtu aliyefiwa, na darasa likapita juu yake bila kusimama. Mimi nilisimama. Huwa naandika muhtasari wangu kwa Kiswahili ili nijue kama nimeelewa au nimekariri, na hapo kalamu ikagoma. Kupungua? Kutulia? Kushuka? Kupoa?

Inategemea ni kitu gani. Kwa Mwingereza, mto uliofurika hufanya hivyo, na homa, na uvimbe, na dhoruba, na hasira, na makofi ukumbini, na nyumba iliyojengwa juu ya udongo mbaya. Kitenzi ni kilekile. Sisi tumegawa kazi. Maji ya mafuriko hupungua, ya bahari hupwa. Homa hushuka. Uvimbe hunywea. Upepo hutulia, makofi hufifia, maumivu hupoa. Ardhi hutitia na nyumba hudidimia. Hasira ndiyo yenye bahati ya vitenzi vingi: hushuka, hupoa, hutulia, huisha, na mtaani kwetu mtu akizidisha huambiwa ashushe presha au apunguze munkari, kana kwamba ana kitufe mahali fulani mwilini.

Tazama tena orodha hiyo. Mafuriko yakipungua ni habari njema, watu wanarudi kuangalia kilichobaki. Ardhi ikititia ni habari mbaya, watu wanahama. Mwingereza ameviweka vyote viwili ndani ya neno moja, na sababu yake ni ya zamani: kitenzi kimetoka kwenye Kilatini, ambako maana yake ilikuwa kama kushuka na kukaa chini. Tope linapojikalia chini ya ndoo ya maji ya mto, limefanya hasa kile Warumi walichokusudia. (Neno la Kiingereza la ruzuku ni la ukoo huohuo. Kwa Warumi lilikuwa jina la askari wa akiba, waliokaa nyuma wakisubiri kuitwa. Wakulima wanaosubiri mbolea ya ruzuku wataielewa historia hiyo bila mwalimu.)

Wingi wa maana haukunikera. Kilichonikera ni kwamba kitenzi hiki hakina mtendaji. Kwa Kiingereza cha kawaida huwezi kumfanyia mtu mwingine kitendo hicho. Hakuna anayeshusha wala anayetuliza, jambo linashuka lenyewe. Halafu kinahitaji mtazamaji, mtu aliyesimama pembeni ambaye jana aliona kiasi fulani na leo anaona pungufu. Wakati kinazungumzia maji au homa, sina tatizo nacho. Kikianza kuzungumzia moyo wa mtu, natamani kujua huyo mtazamaji ni nani na amesimama wapi.

Tuanze na ardhi kwanza, maana imenifundisha zaidi ya makala ile. Katika Bonde la San Joaquin, jimbo la California, ilipigwa picha mwaka 1977 ambayo wanaosomea maji ya ardhini wote wanaijua. Mtaalamu Joseph Poland amesimama kando ya nguzo, na kwenye nguzo vimebandikwa vibao vya miaka. Kibao cha 1925 kiko juu sana, cha 1955 kiko chini yake, na cha 1977 kiko usawa wa ardhi aliyosimama. Kila kibao kinaonyesha uso wa ardhi ulikuwa wapi mwaka huo. Kati ya kibao cha juu kabisa na viatu vya Poland kuna karibu mita 9.

Ardhi ile haikutitia yenyewe. Watu walichimba visima, wakavuta maji ya chini kumwagilia mashamba, na udongo wa mfinyanzi, ambao maji yale yalikuwa yanausaidia kubeba uzito wa juu, ukajikandamiza. Na mtu aliyekuwa anapita shambani kila siku asingeona kitu, kwa sababu kila kitu kilishuka pamoja: shamba, nyumba, barabara, ng'ombe. Ndiyo maana ya nguzo. Bila kitu kinachokumbuka urefu wa zamani, kutitia hakuonekani.

Jiji la Mexico linashuka kwa sababu hiyohiyo. Limejengwa juu ya ziwa lililokaushwa na linavuta maji ya chini yake lenyewe, na sehemu zake nyingine hushuka karibu nusu mita kwa mwaka. Pale kuna mnara mrefu wenye sanamu ya malaika juu yake, uliozinduliwa mwaka 1910 kuadhimisha miaka 100 ya kuanza kwa harakati za uhuru. Msingi wake umekwenda chini sana, kwa hiyo mji umeshuka na mnara umebaki. Ikabidi waongeze ngazi 14 ili watu waendelee kuufikia. Mgeni asiyeambiwa angedhani walioujenga walipenda ngazi. Na mfinyanzi wa namna ile ukishajikandamiza, hata ukiurudishia maji, sehemu kubwa yake hairudi ilivyokuwa. Zile nafasi ndogondogo zilizokuwa zinashika maji zimefungwa.

Sasa huzuni. Mwaka 2018 mwanafalsafa Berislav Marušić aliandika makala inayouliza kama sababu huisha muda wake, kama dawa au maziwa ya pakiti (mfano wa maziwa ni wangu). Anaanzia kwenye kifo cha mama yake. Alihuzunika, na sababu ya kuhuzunika ilikuwa wazi: mama amekufa. Muda si mrefu huzuni ikapungua. Lakini ile sababu haikupungua hata chembe. Mama alikuwa amekufa siku ya kwanza, na mwezi wa pili alikuwa amekufa vilevile. Kama huzuni ni jibu linalostahili kwa kifo cha mama, inawezekanaje jibu lipungue na mtu asiwe amekosea? Na kama hajakosea, je, ina maana kifo cha mama si kitu tena?

Miaka 11 kabla yake, Dan Moller alikuwa ameligusa swali kwa upande mwingine. Alitazama tafiti zilizoonyesha kwamba watu wengi waliofiwa na wenzi wao hupata nafuu haraka kuliko tunavyodhani, na badala ya kushangilia akasema kuna jambo la kusikitisha hapo: nafuu hiyo inatunyima kuiona hasara yetu kwa ukubwa wake. Zamani zaidi, Seneca alimwandikia Marcia, mwanamke wa Roma aliyekuwa bado analia miaka mitatu baada ya kufiwa na mwanawe, akistaajabu kwamba hata muda, ambao kwa kawaida hutibu, kwake umeshindwa. Seneca alikuwa na akili nyingi. Sijui nani angependa kupokea barua ile.

Kwa Kiswahili tunayo methali ya kumjibu Marušić haraka: maji yakijaa hupwa. Tumeambiwa wote, kwa mapenzi, kwa umaskini, kwa hasira ya mwajiri. Ni methali nzuri, lakini nadhani haifai msibani. Maji yakipwa yamekwenda mahali pengine, ufuko unakauka na watoto wanacheza mpira pale pale palipokuwa na bahari saa sita zilizopita. Huzuni ikiwa kama maji, basi kupungua kwake ni kuondoka kwake, na swali la Marušić linabaki na makali yote. Wengi wa wanafalsafa niliosoma muhula huu wanazungumza kana kwamba ni maji. Nguzo ya California ilinifanya nishuku kwamba wakati mwingine tunachokiita kupungua kwa huzuni ni ardhi. Hakuna kilichoondoka juu. Mtu mzima ameshuka pamoja na nyumba yake na shughuli zake, na kwa kuwa vyote vimeshuka sawasawa, anaonekana amesimama vizuri.

Hapo ndipo lugha yetu yenyewe inapoingia kwenye kesi. Mfiwa huambiwa "pole", naye anajibu "nimeshapoa". Sikuwahi kulisikiliza jibu hilo mpaka kaka yangu alipofariki mwaka 2021. Mama alikaa kwenye mkeka, wageni wakapita mmoja mmoja wakiinama, na kwa kila mmoja alisema: nimeshapoa. Maiti ilikuwa bado chumbani. Kaburi lilikuwa linachimbwa. Na yeye, kwa kiambishi cha -mesha- tunachokitumia kwa kazi iliyokwisha, kama nimeshakula au nimeshalipa, alikuwa anawaambia watu kwamba amemaliza kupoa.

Siilaumu desturi. Ukiitazama vizuri, jibu lile halimhusu mfiwa hata kidogo, linamhusu mgeni. Mgeni amekuja na mikono mitupu mbele ya jambo lisilo na dawa, na mfiwa anampa ruhusa ya kunyanyuka. Ni ukarimu wa ajabu, mwenye kuumia kumpa nafuu asiyeumia. Matatizo yanaanza mgeni anapoliamini. Wiki mbili baadaye watu walikuwa wanasema Mama amekuwa jasiri sana, na baada ya arobaini wakasema amepoa kabisa, na waliyatoa wapi hayo kama si kwenye kinywa chake? (Vijana tumelirahisisha zaidi. Tunaulizwa mambo, tunajibu poa. Nimemsikia rafiki yangu akijibu poa akiwa ndani ya gari ametoka kuzika.)

Kwa hiyo naona kuna tofauti kubwa kati ya mtu kusema nimeshapoa na watu kusema ameshapoa. Herufi ni chache zinazobadilika. Lakini la kwanza ni heshima, na la pili ni hukumu iliyotolewa na mtu ambaye hakuwa na kesi.

Tofauti hiyo inakuwa na bei kubwa zaidi kwenye mambo ya nchi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa Kenya na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Februari 28, 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini makubaliano, Kofi Annan akiwa msuluhishi. Makubaliano yale yaliokoa maisha ya watu, na sitaki mtu anisome vibaya hapo. Lakini baada ya siku ile ikawa rahisi kusema hali imetulia, na walikuwepo watu walioendelea kuishi kwenye mahema kwa miaka. Kwao nini kilikuwa kimetulia? Milio ilikuwa imekoma. Aliyesema imetulia alikuwa anapima kelele, na aliyekuwa hemani alikuwa anapima shamba lake ambalo sasa analima mtu mwingine.

Kiswahili angalau kina namna ya kuuliza swali ambalo kitenzi kile cha Kiingereza kinaliziba. Tunacho kutulia, na ukibadilisha mwisho unapata kutuliza, kisha kutulizwa. Ukiniambia hali imetulia, naweza kukuuliza: imetulia au imetulizwa? Na kama imetulizwa, nani kaituliza, na kwa nini hasa, kwa haki au kwa rungu? Sarufi inaniruhusu. Ndiyo maana, nadhani, watawala wa mahali popote hupenda ile ya kwanza. "Wananchi watulie" inasikika kama ushauri wa daktari.

Na kutulia kwenyewe kunaonekana kuwa mtoto wa kutua. Hapo ndipo kalamu yangu iliposhuka hatimaye, kwenye neno dogo kuliko yote. Ndege hutua, jua hutua, lakini kabla ya hayo mtu hutua mzigo. Kituo ni mahali pa kutulia mizigo. Mzigo ukiutua haujapungua uzito. Gunia la kilo 50 ni kilo 50 kichwani na kilo 50 chini ya mwembe. Kilichobadilika ni mahali lilipo, na shingo yako. Unaweza kukaa kando yake, ukanywa maji, ukacheka na wenzio, na gunia liko palepale linakusubiri. Kesho utalitwaa tena, au utakuta siku nyingine limejitwika lenyewe bila kukuuliza, kwa sababu umesikia wimbo fulani kwenye daladala.

Nikiulizwa sasa, hilo ndilo jibu ninalompa Marušić. Sababu hazijaisha muda wake. Mama yake amekufa kwa ukamilifu uleule. Aliyepata nafuu ametua tu, na hakuna anayemlaumu mpagazi kwa kutua, wala hakuna anayedhani kwamba kwa sababu ametua basi gunia lilikuwa na pamba. Tuliona kama kosa kwa sababu tulidhani uzito na ubebaji ni kitu kimoja.

Neno hilo lina jambo jingine ambalo maji na ardhi havina. Mtu anaweza kumtua mwenzake. Serikali yetu inayo kaulimbiu ya miradi ya maji, kumtua mama ndoo kichwani, na kila aliyewahi kumsaidia mtu kutua ndoo anajua inavyofanyika. Humvamii anayetembea ukaivuta ndoo, utamwagia maji yote mgongoni. Yeye ndiye anasimama kwanza. Yeye ndiye anapiga magoti kidogo, anakuambia shika hapa, haya, taratibu. Wewe unafuata.

Mwenzangu mmoja darasani alinibishia, na hoja yake ina nguvu. Alisema mfano wa mzigo unawafaa wanaohuzunika lakini unawapendelea mno wenye hasira. Ziko hasira ambazo hazistahili kuhifadhiwa chini ya mwembe, ni chai tu, zilikuwa moto na sasa zimepoa, na mwenye nazo afadhali azimwage. Nakubali. Mtu aliyekukanyaga ndani ya basi hajakupa mzigo. Na wapo waliobeba kitu kwa miaka kwa kuogopa kwamba wakikitua watakuwa wamemsaliti marehemu, na hao wanahitaji sana mtu wa kuwaambia kwamba kutua si kusahau. Bado sijui mstari unapita wapi kati ya chai na gunia. Ninachoshikilia ni nani mwenye haki ya kuuchora kwanza.

Jirani yetu wa zamani, dereva wa malori ya masafa, alikuwa amehamia Tunduma kabla ya msiba na hakupata habari. Alikuja mwaka jana, miaka mitatu na zaidi imepita, amenunua sukari na mchele kama mtu anayekwenda msibani. Mama alikuwa gengeni kwake anapanga nyanya mafungu. Yule mzee alimwita kwa jina la zamani, Mama Fulani, kwa jina la kaka yangu. Ni jina ambalo mtaani walikuwa wameliacha polepole, wakahamia kwenye jina langu mimi, kwa wema wao, na wala sikumbuki lini hasa.

"Mama Fulani, shikamoo siwezi kukupa, ni wewe unipe," alitania kidogo, wanataniana tangu zamani, halafu sauti ikabadilika. "Pole sana, mama. Nimechelewa mno. Pole."

Nilijua atakachojibu, nilishakisikia mara mia mbili.

"Bado," alisema Mama.

Yule mzee alivuta kreti la soda, akaligeuza, akakaa. Akauliza ilikuwaje. Mama akasogeza nyanya pembeni, akaanza tangu siku ile kaka aliporudi kazini mapema akisema kichwa kinamuuma.